Skripti ya bei ya dola kwenye terminali: kwa nini jq inagoma?

Swali: Natumia Ubuntu. Nimeandika skripti ya kuniletea bei ya dola na hali ya hewa ya Dar es Salaam kwa curl (inayovuta data mtandaoni) na jq (inayosoma data ya muundo wa JSON). Nyumbani inakubali, lakini kwenye Wi-Fi ya chuo inatoa `parse error: Invalid numeric literal at line 1, column 10`. Kosa liko wapi? Na niipange vipi ili niongeze huduma nyingine?

Jibu: Hiyo "column 10" inatosha kumtaja mhalifu. jq ilitarajia JSON ikapewa ukurasa wa HTML unaoanza na `<!DOCTYPE `, herufi ya 10 ni ile nafasi tupu baada ya neno, na hapo ndipo inapokwama. Wi-Fi za vyuo na hoteli hukuletea ukurasa wa kuingia hadi ujitambulishe. Angalia anwani zako: bila shaka mojawapo inaanza na `http://`. Ingekuwa `https://`, curl ingekataa mapema, mara nyingi kwa kosa la cheti cha usalama cha tovuti.

Usirekebishe amri moja moja. Andika kazi (function) moja ya kuvuta data, huduma zote zipitie hapo:

```
#!/usr/bin/env bash
K="$HOME/.cache/uliza"; mkdir -p "$K"

vuta() {   # jina, dakika, anwani
  local f="$K/$1.json"
  if [ -z "$(find "$f" -mmin "-$2" 2>/dev/null)" ]; then
    curl -fsSL --max-time 15 -o "$f.mpya" "$3" &&
    jq -e . "$f.mpya" >/dev/null 2>&1 &&
    mv "$f.mpya" "$f" ||
    echo "Onyo: data mpya haikupatikana" >&2
  fi
  cat "$f"
}

case "$1" in
 dola) vuta dola 720 "https://open.er-api.com/v6/latest/USD" |
       jq '.rates.TZS' ;;
 hewa) vuta dar 30 "https://api.open-meteo.com/v1/forecast?latitude=-6.8&longitude=39.28¤t=temperature_2m" |
       jq '.current.temperature_2m' ;;
 *)    echo "Tumia: uliza dola | hewa" ;;
esac
```

Ihifadhi kama `~/.local/bin/uliza`, kisha `chmod +x`. Kama folda hiyo hukuwa nayo, toka kwenye akaunti uingie tena. Ubuntu huiongeza kwenye PATH (orodha ya folda ambamo terminali hutafuta amri) wakati wa kuingia.

Moyo wa skripti ni ule mnyororo wa `&&`. `-f` huifanya curl ishindwe seva inapojibu kwa namba ya kosa, 400 na kuendelea, lakini ukurasa wa Wi-Fi huja na 200 (yaani "sawa"), kwa hiyo `-f` peke yake haiuoni. Ndiyo maana jq hukagua faili kabla ya `mv`: takataka haigusi nakala nzuri ya mwanzo, nawe unapata jibu la zamani pamoja na onyo. Huduma ya sarafu husasishwa mara moja kwa siku, hivyo kuivuta kila dakika ni kuchoma bando bure, na ukizidisha utarudishiwa 429 (maombi yamezidi).

Alama za nukuu kwenye anwani usiziache. Bila hizo, bash huichukua `&` kama amri ya kupeleka kazi nyuma, na seva hupokea latitudo tu.

curl ikigoma, soma namba yake: 6 ni jina la seva halikupatikana, 28 muda umekwisha, 60 cheti kimekataliwa. Ukipata 60, tazama kwanza saa ya kompyuta; betri ndogo ya ubaoni ikifa, tarehe hurudi miaka nyuma na kila cheti huonekana batili. Usikimbilie `-k` (ya kuruka ukaguzi wa cheti). Inaficha tatizo na kumfungulia mlango yeyote aliye katikati ya mtandao.

Huduma hizi mbili hazidai ufunguo (API key) kwa matumizi madogo binafsi. Ukiongeza inayodai, usiuandike ndani ya amri, kwani hubaki kwenye `.bash_history` na huonekana kwa `ps` (orodha ya programu zinazoendeshwa). Weka mstari mzima wa kichwa cha ombi (header), mfano `Authorization: Bearer ...`, kwenye faili lenye `chmod 600` (wewe tu unalisoma), halafu tumia `curl -H @njia/ya/faili`. Huduma nyingine hutaka ufunguo ndani ya anwani yenyewe. Ikiwapo mbadala inayokubali kichwa, chagua hiyo.