Uvimbe mweusi ndani ya jicho: je, jicho litolewe?

SWALI: Bwana wangu ni fundi wa majahazi hapa Matondoni. Alikwenda kupimwa miwani ya kusomea, daktari akamwambia ndani ya jicho la kushoto, juu ya mshipa wa fahamu, mna uvimbe mweusi. Karatasi imeandikwa "melanositoma". Haumwi, na anaona vizuri. Jamaa wanashikilia jicho litolewe kabla saratani haijapanda kichwani. Na mbona hawakukata kinyama wakapime? – Bi Z., Lamu

JIBU: Bi Z., jicho lisitolewe. Jamaa zako wanampenda, lakini wamwache bwana wako na jicho lake.

Melanositoma si saratani. Ni seli zilizojaa rangi ileile inayotia weusi ngozi na nywele. Zamani wako waliong'olewa macho yanayoona kwa uvimbe huu, kwa kudhaniwa ni saratani. Mwaka 1962 madaktari Zimmerman na Garron ndio walioueleza waziwazi kuwa si hatari namna ile. Tena saratani ya rangi ndani ya jicho huwapata zaidi watu weupe. Kwetu sisi weusi ni nadra mno.

Kukata kinyama hakufai. Hapo ndipo nyuzi zote za kuona zinapopita, na kisu kikizigusa, nuru huondoka. Uvimbe huu hutambulikana kwa macho: daktari hutia matone ya kutanua mboni, akamulika, akaona weusi wa makaa wenye kingo za nyuzinyuzi. Altrasaundi hupima kimo chake.

Sasa nisikilize hapa. Dai picha ya rangi ya ndani ya jicho, na nakala yake uiweke nyumbani pamoja na vyeti. Kila mwaka arudi apigwe nyingine, zilinganishwe. Bila ya kwanza, daktari wa mwaka kesho atabaki kukisia. Uvimbe ukikua kidogo msishtuke; hutokea kwa mtu mmoja au zaidi katika kila 10. Ambao uvimbe wao hugeuka saratani ni 1 au 2 katika 100, na ndio sababu asiache kurudi.

Akiona ukungu, kivuli upande mmoja au vimulimuli, asingoje mwaka.

Siku ya matone asishike tezo wala msumeno. Kwa saa kadhaa vitu vya karibu havitamkalia sawa na jua litamchoma macho, kwa hiyo mtu amsindikize, hasa kwenye kupanda na kushuka mashua.