Gia ibadilishwe bondeni

Swali la wiki: "Vipi mtu atapanda kilima kikali kwa baiskeli bila ya kushuka akasukuma?"

Vilima vya Pemba si virefu, lakini vimesimama: unateremka kwenye bonde la mpunga, mara unapandishwa tena. Wengi hushindwa na gia, si pumzi. Hubadilisha wakiwa katikati ya mlima, miguu imeshakuwa mizito. Cheni iliyokazwa na uzito wa mtu haihami kwa amani; huruka, huchomoka, na iliyochakaa hukatika. Badilisha ungali bondeni, mguu ukiwa mwepesi. Mbele, penye pedeli, weka cheni kwenye gurudumu la meno lililo dogo kabisa, ambalo kwa baiskeli nyingi za milimani zenye matatu lina meno 22 au 24. Nyuma anza na la kati, kisha panda moja moja kwenda kwenye kubwa. Pedeli izunguke kama mara moja kwa sekunde.

Kwenye lami, kaa tu ukanyage. Kazi ipo kwenye udongo mwekundu wenye changarawe na mizizi. Hapo sogea hadi ncha ya kiti, shusha kifua, viwiko vikunje karibu na mbavu, usukani uvute kwa nyuma na chini. Gurudumu la mbele likinyanyuka, umekaa nyuma mno. La nyuma likizunguka pahala pamoja, umelala mbele mno au umesimama juu ya pedeli. Tofauti yenyewe ni ya vidole vinne vya kiti.

Upepo wa tairi nao: tairi ya inchi 2.1 iliyojazwa ikawa kama jiwe hudunda badala ya kushika. Kwa mtu wa uzito wa kawaida, psi (kipimo cha upepo kwenye pampu) 30 hadi 35 zinatosha. Ukishusha mno, tyubu hubanwa na rimu ikatoboka.

Macho yatangulie mita tano hivi. Anayetazama gurudumu lake huyumba, na msimu wa karafuu kuyumba ni kuingia kwenye majamvi ya watu yaliyoanikwa kando ya njia.

Ukikwama, usianze tena umeelekea juu. Iweke baiskeli ikingame njia, kamata breki zote mbili, pedeli moja iwe juu, imeelekea mbele kidogo. Kanyaga huku ukiachia breki, zungusha mara moja au mbili, ndipo ugeuze usukani kufuata mlima.