Kadishi bila watu kumi
Pole sana kwa msiba wa mama, dada. Umeuliza kama kuna sala ya Kabala (mafundisho ya kiroho ya siri ya Kiyahudi) ya kusali peke yako, kwa kuwa Kadishi, sala ya Kiyahudi ya waliofiwa, hutaka watu wazima kumi na huko uliko hawapatikani.

Ipo, wala haitaki kitabu. Rabi Nachman wa Breslov (1772–1810), kule Ukraine, aliwafundisha wafuasi wake hitbodeduti: unajitenga, hasa usiku au nje mbali na watu, kisha unamweleza Mungu yaliyo moyoni kwa sauti, kwa lugha yako ya kila siku. Lalamika, lia, muulize kwa nini. Maneno yakikwama, alisema, rudia hata neno moja tu. Na hakuwa mtu wa kusema kwa raha zake: alifiwa na mwanawe mchanga mwaka 1806, na mkewe mwaka uliofuata.

Kadishi yenyewe haitaji kifo hata mara moja. Ni sifa za Mungu kwa Kiaramu, na kwa mzazi husomwa miezi 11. Ndiyo maana naona hata aliye na jamaa kumi bado anahitaji pengine pa kumwaga uchungu. Ukipenda, iombe sinagogi yoyote ikusomee Kadishi, wewe ubaki na hii.

Nachman alishauri saa nzima kila siku. Msiba ukiwa mbichi hivyo, dakika tano zinatosha kuanzia.