Karafuu zilizo mtini zisilipe deni la baba wa watoto

Waalaykumu salamu, mwanangu.

Umeniandikia kutoka kijiji kimoja cha Wilaya ya Wete, Pemba, kwamba tangu upewe talaka miaka 2 iliyopita unawalea watoto wako 3 kwa shamba dogo alilokuachia marehemu baba yako, lenye mikarafuu 18 na migomba na muhogo chini yake, na kwamba baba wa watoto hajaleta hata shilingi. Sasa deni la dukani limekua, sare za skuli zimechakaa, na bwana mmoja amekuja na fedha mkononi akitaka umkodishe mikarafuu ya msimu huu, yaani alipe sasa na mazao yote achume yeye, wakati karafuu ndiyo kwanza zinachomoza. Unauliza kama umkubalie.

Usimkubalie. Najua jinsi usiku unavyokuwa mrefu kwa mama mwenye deni, wala sisemi hili kwa wepesi. Lakini mkodi hukisia mti kwa jicho lake na kwa faida yake, na akishalipa, hamu yake ni kumaliza haraka. Wachumaji wake huvuta na kuvunja matawi, kwa kuwa mwakani mti si wao. Mkarafuu wenyewe una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata, kwa hivyo ukiuza mwaka wa neema kwa bei ya shida, mwaka wa mapumziko utakukuta huna akiba, na matawi yameumia.

Barua yako imenionyesha jambo jingine ambalo wewe umelipita kwa mstari mmoja tu. Pengo unalotaka kuliziba kwa karafuu si la shamba, ni la baba wa watoto. Talaka imevunja ndoa, haikuvunja ubaba. Chakula, mavazi na matibabu ya watoto ni juu yake, na dini yetu haina shaka katika hilo. Unasema unaona haya kwenda kwa Kadhi kwa sababu watu watasema unamfuata mtu aliyekwisha kukuacha. Mwanangu, humfuati yeye. Unadai haki ya watoto, ambao hawana mdomo wa kujisemea mbele ya hakimu, na Mahakama ya Kadhi imewekwa kusikiliza mambo haya haya ya talaka, malezi na matunzo. Anza kwa sheha wako, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, ukipenda, naye akiita kikao na baba akaahidi, iandikwe kiasi gani na kila tarehe ngapi, kwa sababu ahadi ya mdomo umeshaionja kwa miaka 2.

Kuhusu kaka yako aliyeko Unguja, anayesema shamba ni la wote, hilo ni suala la mirathi na lina njia yake. Fungueni mirathi rasmi, kila mmoja ajue fungu lake, kabla maneno hayajawa makali.

Kwa msimu wenyewe, kopa kidogo kwenye kikundi chenu cha kuweka na kukopa, kiasi cha kuwalipa wachumaji kwa kila pishi (kipimo cha ujazo) wanayochuma tu, na matawi ya chini chuma mwenyewe pamoja na jirani unayemwamini, kisha nawe ukamchumie kwake. Usiuze mbichi. Kilo 3 za mbichi hutoa takriban kilo 1 ya kavu, na mbichi hununuliwa na mtu anayejua kwamba una haraka. Zianike juani juu ya majamvi kwa siku 4 au 5, usizianike barabarani, kwani mchanga na uchafu hushusha daraja, kisha zipeleke mwenyewe katika kituo cha ZSTC, shirika la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu. Makonyo, vile vikonyo vya karafuu, nayo usiyatupe, yana mnunuzi. Andika kila pishi na kila shilingi, kwani mali bila daftari huisha bila habari, na daftari hilo ndilo litakalokusaidia pia Kadhi akiuliza watoto wanatumia nini kwa mwezi.

Bwana yule anayesubiri jibu mwambie kwa heshima kwamba msimu huu unachuma mwenyewe. Kisha chukua cheti chako cha talaka na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote 3, uvitie mkobani, uende mahakamani wiki hii hii, kabla uchumaji haujaanza na ukakosa nafasi.