Bei iandikwe mara moja: maswali yenu kuhusu XML

Nafanya biashara ya nafaka Kibaigwa. Tovuti yetu ina kurasa kumi na mbili, na bei ya mahindi ikibadilika alfajiri nazirekebisha zote kwa mkono. Juzi mteja kaja na bei ya wiki iliyopita kwenye simu, ikabidi nimuuzie kwa hasara. Nifanyeje?

Pole sana, dada yangu. Bei moja unaiandika mara kumi na mbili, na hapo lazima ukurasa mmoja usahaulike. Iandike mara moja tu, kwenye faili la XML, yaani faili la maandishi ambalo kila taarifa imewekwa kati ya alama ziitwazo tagi (bei hii ni ya mfano):

```
<bidhaa>
  <jina>Mahindi</jina>
  <kipimo>gunia la kilo 100</kipimo>
  <bei>68000</bei>
</bidhaa>
```

Tagi hizo unazibuni mwenyewe, hata kwa Kiswahili, na ndiyo raha ya XML tangu W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilipoipitisha mwaka 1998. Kipimo usikiache, mtu asije akadai lumbesa.

Faili hilo halina habari ya rangi wala ukubwa wa herufi. Mwonekano unakaa kwenye kiolezo cha XSLT (lugha ya kugeuza XML kuwa ukurasa), kinachoagiza: kila bidhaa ipewe mstari wake kwenye jedwali. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti yako, inavikutanisha viwili hivyo na kutoa HTML, ukurasa wa kawaida anaouona mteja. Kiolezo kingine kinaweza kusoma faili lilelile kikatoa ukurasa mwepesi wa simu, na kingine orodha ya kubandika mlangoni pa ghala. Ukigeuza 68000 kuwa 71000 saa kumi na mbili asubuhi, vyote vitatu vinatoka na bei mpya.

Tuko Hombolo, tunauza zabibu. Nimeongeza bidhaa "Zabibu & Asali" na ukurasa mzima umegoma.

Ni hiyo alama ya &. Kwenye XML ina kazi yake maalumu, kwa hiyo andika `&amp;`. Hakikisha pia kila tagi imefungwa, na kwamba `<Bei>` na `<bei>` hujazichanganya, maana kwa XML ni tagi mbili tofauti. HTML husamehe mengi. XML ikikuta kosa moja la namna hiyo inakataa faili zima. Mimi ukali huo naupenda, mradi ulikague faili kwa `xmllint`, programu ya kukagua XML, kabla ya kulipeleka kwenye seva, likugomee wewe na si mteja.

Nimeweka bei ya 1,200 kwenye faili, na jumla ya oda inatoka "NaN". Kwa nini?

"NaN" maana yake "si namba": umeandika 1,200 kwa koma, na XSLT haiioni kama namba. Weka 1200, bila koma wala "Tsh". Koma italetwa na kiolezo: `format-number(bei, '#,##0')`.

Shikamoo. Nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Wenzangu wanasema XML imepitwa, tutumie JSON, namna nyingine ya kuandika data.

Marahaba, mwanangu. Programu ya simu inayovuta data kidogo kutoka kwenye seva, ipe JSON, ni nyepesi. Ila XML haijaenda popote. Chukua faili lolote la Excel, nakili, badilisha .xlsx iwe .zip, fungua, kisha ingia xl/worksheets: utakuta mafaili ya XML yaliyojaa tagi. Jambo moja la kuzingatia: mwaka 2025 Google ilitangaza mpango wa kuiondoa XSLT ndani ya Chrome. Kazi ya kugeuza XML kuwa HTML ifanyie kwenye seva, usiiachie kivinjari cha mteja.