Maswali yenu: Mkristo anapowahudumia wa dini nyingine

Shikamoo Mchungaji. Mimi ni muuguzi hapa Mbeya mjini. Huwa nawaombea wagonjwa kwa jina la Yesu kabla ya upasuaji. Juzi bibi mmoja Mwislamu alinyamaza tu. Nilikosea?

Marahaba mwanangu. Kumwombea, hapana. Kumwombea kwa sauti bila kumuuliza, ndiyo. Bibi amelala kwenye machela, hana hata nguo zake mwilini, uhai wake uko mikononi mwenu, angekukatalia vipi? Mgonjwa wa namna hiyo ukimwambia aimbe pambio ataimba. Muulize kwanza. Akikataa, mwombee moyoni, Mungu hahitaji spika. Akitaka kusoma dua yake, msubiri amalize. Halafu angalia kama amesitiriwa vizuri, na kama angependa kuhudumiwa na mwanamke, lisemee hilo kwa daktari mapema. Petro anatutaka tuwe tayari kumjibu anayeuliza habari za tumaini letu, tena kwa upole (1 Petro 3:15). Huyu hakuuliza.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu Mwanjelwa. Wenzetu wawili Waislamu hawataki kulipa riba wala kuipokea. Wengine wanasema tusibadili katiba kwa ajili ya dini ya watu.

Swali hili nimelipenda. Hao wanaosema "dini ya watu" wafungue Kutoka 22:25, Mungu anapokataza kumtoza maskini riba, kisha wasome Nehemia 5 waone wakubwa walivyokaripiwa. Hao wenzenu wawili wametukumbusha kitu kilichomo kwenye Biblia yetu wenyewe.

Najua mgao wa mwisho wa mwaka unategemea riba, hamwezi kuifuta kesho. Lakini wenzenu wanaweza kurudishiwa hisa zao kama zilivyo, bila faida ya riba, na wakipata shida wasaidiwe kutoka mfuko wa jamii, ambao vikoba vingi havitozi riba. Au wakati wa mavuno, wanaopenda wachangie mtaji, wanunue mchele wa Kyela, wauze, wagawane faida au hasara. Mkikubaliana, liandikwe kwenye katiba mbele ya wanachama wote. Na daftari lako liwe wazi kwa kila anayetaka kulikagua; hilo watalikumbuka kuliko sala ya kufungua kikao.

Kanisa letu Iringa linagawa unga kwa wazee wasiojiweza wa dini zote. Viongozi wanataka kila mfuko uwe na kadi ya mwaliko wa ibada. Ni sawa?

Si sawa. Mzee mwenye njaa ataipokea kadi kwa sababu ya unga, nanyi mtahesabu mmehubiri. Kumbukeni Sheria ya Elimu ya 1969 iliyofungua njia ya kutaifisha shule nyingi za misheni: lawama mojawapo ilikuwa kwamba watoto wa Kiislamu walikuwa wameachwa nyuma. Huduma yenye masharti huacha donda la miaka mingi. Gaweni unga. Mzee akiuliza mnasali wapi, mwelekezeni.

Jirani Mwislamu amefiwa. Niende? Na chakula chao nile?

Nenda, tena wahi, maana mara nyingi wao huzika siku hiyohiyo. Ukingoja ibada iishe utawakuta wameshatoka makaburini. Kama ni mama, jifunge khanga uingie jikoni, kwa kawaida kina mama hawaendi kaburini. Chakula kula. Nyama yenyewe huenda imechinjwa na mtu yuleyule anayeichinjia bucha unakonunua kila wiki.