Re: Zile taa za kaskazini, Mombasa tutaziona?
Ndugu yangu umeuliza kama ukikaa Nyali bichi usiku utaona zile taa za kijani (aurora) zinazong'aa angani usiku kule Norwe, hapana, huku hazifiki. Jua linarusha chembechembe zenye chaji ya umeme, zikifika karibu na dunia ile nguvu ya sumaku inazielekeza kwa ncha za kaskazini na kusini, na sisi tuko karibu na ikweta ndo maana tunakosa. Ile rangi ya kijani ni oksijeni ya hewani ikigongwa na hizo chembechembe ikatoa mwanga, kama kilomita 100 hivi juu, nyekundu ni oksijeni hiyo hiyo lakini juu zaidi, kilomita 200 kwenda mbele. Wallahi ni maajabu! Mwaka 1859 dhoruba ya jua ilikuwa kali mpaka taa hizi zikaonekana Karibea. Ukipata nafasi nenda Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwe, Septemba hadi Machi, manake kiangazi huko giza haliingii.